Kuufuata mto mdogo wa Pemba, kutoka chemchemi mpaka hori

Muulize mtu wa bondeni mto wao unaanzia wapi, atanyoosha mkono juu kwenye mikarafuu. Muulize wa juu unaishia wapi, atakuonesha chini kwenye mikoko. Kila mmoja anakijua kipande chake, tena anakijua vizuri kuliko ramani yoyote: wapi pana kina, wapi pananasa miguu, wapi maji hayakauki. Mto mzima ndio usio na mtu wa kuusimulia. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa jiografia, kijana wa shehia au mkulima wa mpunga anayetaka kuujua mto wake wote, aupime na auchore, kwa vifaa ambavyo vingi vyake viko nyumbani.

Nianze na jambo nililojifunza kwa gharama. Mwaka wa kwanza niliupima mto wetu mwezi wa Mei, masika yamekolea, nikawaambia wenzangu wa bondeni kwamba maji yanatosha kulima mpunga mara mbili kwa mwaka. Wawili waliniamini wakatayarisha makonde. Ilipofika Februari mto ulikuwa uzi mwembamba kati ya mawe, na miche ikaungua mbele ya macho yetu. Tangu hapo kila ninayemfundisha kazi hii namwambia kwanza: upime kiangazi. Maji ya masika ni ya kupita, yale ya Februari ndiyo unayoweza kuyapangia.

Kwa nini mito yetu iko hivi

Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi na upana usiozidi 23, na kilima chake kirefu hakifiki mita 100. Mto hauna pa kwenda mbali. Huzaliwa kwenye kilima chenye mikarafuu, hupita bonde la mpunga, na baada ya kilomita chache unaonja chumvi. Upande wa magharibi na katikati ardhi ni kinongo (udongo mwekundu), mchanga na kinamo (udongo unaonata), imekatwakatwa na mabonde, na bahari imeingia ndani kwa mahori marefu. Upande wa mashariki ni maweni na uwanda, jiwe la matumbawe lenye matundu. Maji ya mvua hayakai juu yake, yanazama. Ndiyo maana mtoto wa Micheweni anaweza kukua bila kuona kijito karibu na kwao, na wa Wete akavuka vitatu akienda skuli. Unguja nako baadhi ya mito inayoteremka kutoka vilima vya kati hufika kwenye maweni ikapotea chini ya ardhi kabla ya kuiona bahari.

Vitabu vingi vya jiografia vilivyotufikia vimeandikiwa nchi za baridi, na humo mto mdogo wa shamba una tabia nyingine kabisa. Norway au Finland, mvua ya miezi ya baridi huanguka ikiwa theluji na kukaa pale pale ilipoanguka. Mto hupungua mwisho wa majira ya baridi ingawa nchi nzima imefunikwa na maji yaliyoganda. Kisha jua la Mei na Juni likiyeyusha theluji, mto hufurika hata kama hakuna tone la mvua. Mara nyingi barafu hufunika uso tu, kwa sababu barafu ni nyepesi kuliko maji na huelea. Maji huendelea kupita chini yake, na samaki huendelea kuishi chini ya kifuniko hicho. Mwanafunzi wetu anayakariri haya kwa ajili ya mtihani, halafu anatoka nje akiamini kwamba mto wa nyuma ya skuli si mto wa kusomwa. Ni wa kusomwa. Tofauti iko kwenye ghala. Wao wameweka maji yao kwenye theluji, sisi tumeyaweka ardhini. Mvua ya masika inayozama kwenye kinongo na mchanga wa kilimani ndiyo inayotoka kidogo kidogo kwenye chemchemi mpaka kaskazi inakwisha. Kilima kikivuliwa miti na udongo ukashindiliwa, mvua ile ile huteremka kwa siku moja, na Februari hakuna cha kutoka.

Vya kuchukua

Daftari na penseli, maana wino hutoka ukiloa. Kamba ya mita 10 yenye fundo kila mita. Rula, au futi ya chuma. Ndoo ya lita 20. Simu yenye kipima mahali (GPS) na saa ya kuhesabu sekunde. Mpira mweupe unaoonesha maji ndani, wa mita 10 mpaka 15, ule wanaotumia waashi kusawazisha msingi. Panga. Machungwa mabichi matatu. Nitaeleza ni ya nini.

Na mabuti marefu. Hapa sisemi kwa kubembeleza. Kichocho cha mkojo kipo Pemba na Unguja, na vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wa maji baridi na kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, hasa saa za jua kali la mchana. Kwa hiyo nenda asubuhi, usisimame ndani ya maji yaliyotuama yenye majani, usiwatume watoto wa skuli peku wakushikie kamba, na ukiloa jikaushe hapo hapo kwa kujisugua kwa taulo. Ukiona damu kwenye mkojo wiki au miezi baadaye, nenda kituo cha afya ukapimwe. Kinatibika kwa vidonge vya prazikwanteli.

Hatua ya kwanza: ruhusa na majina

Nenda kwa sheha kabla hujashika panga. Mweleze unataka kufanya nini na karatasi zitabaki kwa nani, kwa kuwa mtu anayepima mto huonekana kama mtu anayepima ardhi, na ardhi kwetu ni jambo linaloamsha watu usiku. Kisha tafuta wazee, na wanawake hasa, kwani wao ndio waliochota maji na kupanda mpunga huko. Chemchemi nyingine zina heshima zake na haziendewi hivi hivi. Utakapoambiwa uende na mwenyeji, nenda naye.

Uliza jina la kila kipande. Mto mmoja unaweza kuwa na jina moja kilimani, jingine bondeni na la tatu penye mikoko. Yaandike yote, na mahali jina linapobadilika upatie alama. Mara nyingi jina hubadilika pale ambapo mto wenyewe umebadilika: kijito kingine kimeingia, au chumvi imeanza.

Nilipoanza, bibi mmoja aliyekuwa akipalilia majimbi aliniona na daftari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huko juu wafuata nini?"

"Natafuta mto unapoanzia."

Hakuinua hata uso. "Wa masika au wa kiangazi? Maana si pamoja."

Hatua ya pili: vichwa viwili vya mto

Bibi yule alisema kwa maneno machache kitu kinachochukua kurasa kadhaa vitabuni. Masika, maji ya ardhini hupanda, na mto huanza juu kabisa, hata kwenye mifereji ambayo siku nyingine ni njia ya kupita watu. Kiangazi, maji hushuka, na kichwa cha mto kinateremka kilima mpaka kwenye chemchemi isiyokauka. Unatakiwa kuvipata vyote viwili.

Cha kiangazi kitafute mwezi wa Februari au mwanzo wa Machi, kabla mvua za masika hazijafungua. Panda na mto kwa miguu. Penye njia panda ya maji fuata kila tawi kwa zamu mpaka maji yaishe. Usiishie penye ukavu wa kwanza: endelea hatua 50 zaidi, kwani kijito hupenda kuzama kwenye mchanga na kuibuka tena juu yake. Dalili za chemchemi huonekana kabla ya maji: kundi la michikichi, mikindu iliyonyooka katikati ya vichaka vikavu, udongo mweusi unaorudisha alama ya kisigino polepole. Ya kwetu iko chini ya ukingo wenye urefu wa mtu. Juu ni mchanga mwekundu, chini ni tabaka la kinamo la rangi ya kijivu, na maji yanatoka kwenye mshono wa viwili hivyo, kama jasho. Chovya kidole kwenye mshono utaona: mchanga uliipokea mvua, kinamo kikaizuia isishuke zaidi, ikatafuta njia ya pembeni. Ukiona mshono huo mahali pamoja, ufuate kuzunguka kilima kwa usawa ule ule. Chemchemi nyingine zitakuwa kwenye mstari huo huo.

Cha masika kitafute Mei, siku moja baada ya mvua kubwa kukatika. Umbali kati ya vichwa hivi viwili ni habari muhimu kuliko urefu wa mto. Ukiona unaongezeka mwaka baada ya mwaka, kilima kinapoteza akiba yake.

Hatua ya tatu: kutembea na kuchora

Teremka sasa kutoka kichwa cha kiangazi mpaka baharini. Kila mita 50, na kila mahali pana jambo, simama uandike: upana, kina, chini pakoje (mchanga, kinamo, mawe, matope), kingo zina nini, nani anatumia maji na kwa kazi gani. Picha za anga hazitakufikisha mbali peke yake. Mwaka 2016 visiwa vyetu vilianza kupigwa picha na droni kwa ajili ya ramani, kazi iliyowashirikisha Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na picha hizo ni hazina. Lakini chini ya mikarafuu na miembe kijito cha nusu mita hakionekani kutoka juu. Kwa jambo hili miguu yako ndiyo chombo.

Kipima mahali cha simu hukosea mita 3 mpaka 5 penye uwazi, na zaidi chini ya miti. Simama dakika moja kila kituo kabla ya kuhifadhi alama. Kwa upande wa kimo, usikiamini hata kidogo: kosa la mita 10 kwenye mlima mkubwa ni kitu kidogo, lakini kisiwa kisichofika mita 100 hugeuzwa kikawa kisiwa kingine.

Hatua ya nne: mteremko kwa mpira wa mwashi

Jaza mpira maji mpaka ubaki kama mkono mmoja kila ncha, na hakikisha hakuna kipovu cha hewa ndani, kwa kuwa kipovu kimoja kinaharibu kazi yote. Mmoja asimame juu, mwingine chini, kila mtu ameufunga mpira kwenye fito iliyosimamishwa wima kwenye usawa wa maji ya mto. Maji ndani ya mpira yatakaa usawa mmoja pande zote. Kila mtu apime kutoka kwenye maji ya mto mpaka kwenye maji ya mpira. Wa juu akipata sentimita 60 na wa chini 95, mto umeshuka sentimita 35 katika masafa hayo. Wa chini abaki, wa juu apite mbele, mrudie mpaka mwisho. Kazi ya siku nzima, na hutapata urefu sahihi zaidi bila vyombo vya wapima ardhi.

Ukizichora namba hizo utaona mstari mkali kilimani ukilala ghafla ukifika bondeni. Hapo unapolala ndipo mto unapotua mchanga wake, na ndipo majaruba yalipo. Watu wakichimba mchanga hapo chini, mstari huo hukatika na mto huanza kula kitanda chake kurudi juu. Kingo zitaanguka mahali ambapo hakuna aliyechimba.

Hatua ya tano: kupima maji

Kuna njia tatu, na unachagua kwa ukubwa wa mto wa siku hiyo.

Kiangazi, tumia ndoo. Tafuta mahali maji yanapoanguka, au tengeneza: ziba kijito kwa kinamo, uelekeze maji yote kwenye kipande cha bomba, ndoo chini yake. Hesabu sekunde za kujaa, mara tano, uchukue wastani. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 16, mto wako unatoa lita 1.25 kwa sekunde, yaani lita 108,000 kwa siku. Inasikika nyingi. Sasa weka mpunga mbele yake: jaruba lenye maji yaliyosimama hupoteza takriban milimita 8 mpaka 10 kwa siku, kwa kunyweka, kukauka na kuzama, na kwenye kichanga zaidi ya hapo. Milimita 9 juu ya hekta moja ni lita 90,000. Mto wote huo, asipochota mtu hata dumu moja, unalisha hekta 1.2, ekari tatu. Hesabu hii ningelikuwa nayo ule mwaka wa kwanza, wale wawili wasingelipoteza mbegu zao.

Mto ukizidi ndoo, tumia ubao wenye pengo. Chukua ubao mpana, ukate pengo la pembe ya nyuzi 90, ncha ikiwa chini, na ukingo wa pengo uupigilie bati ili maji yaruke safi bila kuung'ang'ania ubao. Uuzike kukatisha mto, uusawazishe kwa pimamaji, uzibe pembeni na chini kwa kinamo. Subiri maji yajikusanye nyuma na kutulia. Kisha pima kimo cha maji kutoka usawa wa ncha ya pengo, lakini pimia nyuma, mita moja hivi kutoka kwenye ubao, kwani karibu na pengo maji yameshaanza kuinama. Kimo cha sentimita 5 ni karibu lita 0.8 kwa sekunde. Sentimita 10 ni lita 4.4, sentimita 15 ni lita 12, sentimita 20 ni karibu lita 25. Angalia kimo kinapokuwa mara mbili, maji yanakuwa zaidi ya mara tano. Kwa hiyo sentimita moja ya uzembe hapa si ndogo. Ukimaliza ung'oe ubao. Walio chini wanangoja maji yao.

Masika, chungwa. Chungwa bichi huelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi kama unavyosukuma jani au chupa tupu. Chagua mita 10 zilizonyooka, zisizo na shina wala jiwe la kukwamia. Litupe juu kidogo ya mwanzo, uanze kuhesabu likivuka kamba. Fanya mara tano. Likienda kugusa ukingo, hiyo usiihesabu. Pima upana, na kina mahali vitano kukatisha mto. Mfano: upana mita 1.2, wastani wa kina mita 0.15, eneo ni mita za mraba 0.18. Chungwa limechukua sekunde 40, mwendo ni mita 0.25 kwa sekunde. Lakini hayo ni maji ya juu tu, na ya chini yanaburuzika kwenye mawe na mizizi, kwa hiyo zidisha kwa 0.8 upate 0.2. Mara 0.18 ni mita za ujazo 0.036, lita 36 kwa sekunde. Mto ukiwa umefurika rangi ya matofali na kubeba magogo, usiingie kupima kina. Simama ukingoni, andika umefika wapi kwenye alama ya mti, upime kina maji yakishapungua.

Hatua ya sita: kuitafuta chumvi

Hapa ndipo mito ya visiwani inapotofautiana na ya bara, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mto wetu hauishii penye mstari. Unaishia kwenye ugomvi wa kila siku, mara mbili kwa siku, na mipaka yake huenda na mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, bahari hupanda na kushuka kwa mita zinazokaribia 4, na maji ya chumvi huingia ndani ya mto mpaka mahali ambapo siku za maji mafu, bahari isipopanda sana, hayafiki kamwe.

Nenda mara mbili: siku ya bamvua, maji yakijaa, na siku ya maji mafu. Funga chupa ndogo kwenye fito pamoja na jiwe, uizibe kwa kizibo chenye uzi, uishushe mpaka chini kabisa, kisha vuta uzi. Chukua na maji ya juu kwa chupa nyingine. Usishangae yakiwa tofauti: maji ya chumvi ni mazito, huingia kwa chini kama kabari huku maji baridi yakitoka juu yake. Mtu anayechota kwa kata juuni anaweza kusema hapa hakuna chumvi, na mizizi ya mpunga wake ikawa inaikanyaga.

Kama huna kipima chumvi, chemsha. Lita moja ndani ya sufuria safi mpaka yakauke kabisa, ukikwangue kilichobaki ukipime kwenye mizani ya jikoni. Maji ya bahari huacha gramu 35 hivi. Ukipata gramu 3 tu, tayari ni mengi kwa mpunga wa kawaida.

Miti itakuthibitishia. Mkoko na mlilana husimama penye maji ya bahari; mkandaa na mchu huvumilia nyuma, penye chumvi iliyokauka; msikundazi hupenda mwisho wa nchi kavu, mahali ambapo maji baridi bado yana neno. Ukiona mnazi uliokufa umesimama katikati ya mikandaa michanga, andika mahali hapo kwa herufi kubwa: chumvi imepanda ndani ya umri wa mti huo. Tia alama mbili kwenye ramani, mwisho wa chumvi wa bamvua na mwisho wa chumvi wa maji mafu. Kisima cha kunywa kisichimbwe kati ya alama hizo wala karibu nazo.

Mvua

Kopo lenye kuta zilizonyooka, limewekwa uwanjani mbali na miti, lisomwe kwa rula kila siku saa moja asubuhi, litatosha. Milimita moja juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja. Andika hata siku za sifuri, na za mchoo, mvua nyepesi za baada ya masika zinazodharauliwa, kwani ndizo zinazoeleza kwa nini mto wa Septemba mwaka huu si wa mwaka jana.

Kuchora ramani safi

Chora kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 50 ikiwa karatasi inaruhusu. Mto wa kiangazi uwe mstari mzito, nyongeza ya masika iwe nukta nukta. Weka vichwa vyote viwili, mishono ya chemchemi, vijito vinavyoingia na upande vinakotokea, majaruba, madaraja, visima, mstari wa kilima unaogawa maji na bonde la pili, na alama mbili za chumvi. Majina yawe yale uliyopewa na wenyeji, yameandikwa kama walivyoyatamka. Pembeni weka jedwali dogo: tarehe, mahali, njia uliyotumia kupima, lita kwa sekunde. Usiandike "mto unatoa lita 36" bila tarehe. Namba hiyo peke yake ndiyo iliyonipotosha mimi.

Toa nakala tatu: ya sheha, ya skuli, na ya kwako. Kwenye jedwali acha safu tupu kwa Februari ijayo, na ya baada yake, na uandike kabisa jina la atakayekwenda kupima ikiwa wewe hutakuwepo.